Gari la kulala la dizeli likikosa nguvu: kompyuta, benchi la nozeli au dumu la lita tano?

Anayepanda Mlima Kitonga, njiani kuelekea Iringa, na gari zito la dizeli hujua mapema kama injini yake imepungukiwa nguvu, kwa maana mlima ule haumwachi dereva ajidanganye. Gia ya tatu inakataa, ya pili inaanza kuchoka, na malori yenye shehena ya Zambia, ambayo kwa kawaida ndiyo yanayopitwa, yanakupita wewe. Hali hiyo humsumbua zaidi mwenye gari la kulala, yaani basi dogo au Land Cruiser iliyotolewa viti ikawekewa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, kwa sababu gari la namna hiyo limebeba mzigo wake siku zote, hata linapokuwa halina abiria, na mara nyingi hukaa miezi kadhaa bila kuwashwa kabla ya kutakiwa kupanda Kitulo au kuteremka hadi Matema.

Akifika mjini, iwe Iringa au Mbeya, mwenye gari hilo atapewa njia tatu za kutafuta chanzo: kulikagua mwenyewe kwa vifaa vichache, kulipima kwa kompyuta, au kufungua pampu na nozeli (vipulizio vya mafuta) zikapimwe kwenye benchi, yaani mashine ya kuzipimia nje ya gari. Ipo na ya nne, ya kubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka tatizo liishe, ambayo mafundi wenyewe huiita kupiga ramli. Hiyo siilinganishi hapa, ingawa niliwahi kuilipia.

Kwanza, mwinuko

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni pungufu kidogo ya hapo, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600. Mgandamizo wa hewa ambao pwani ni kama kilopaskali 101 huwa umeshuka hadi kama 83 Mbeya na kama 75 Kitulo. Injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), kama 1HZ ya Toyota yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 iliyomo katika Land Cruiser na Coaster nyingi za nchi hii, hunyonya hewa iliyopo tu. Kwa hiyo injini nzima kabisa, isiyo na hitilafu yoyote, itapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake Mbeya na kama robo Kitulo, na ikiwa pampu yake haina kifaa cha kupunguza mafuta kwa kufuata mwinuko, itatoa moshi mweusi wakati wa kupanda. Injini yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, mradi turbo yenyewe inafanya kazi.

Kutokana na hayo, gari linalopungua nguvu taratibu kadiri linavyopanda, kisha likachangamka lenyewe likishuka Chimala kuelekea bonde la Usangu, halina ugonjwa. Linalohitaji kuchunguzwa ni lile lililobadilika ghafla, au lile linalokosa nguvu Chimala, bondeni, kama linavyokosa Uyole, juu karibu na Mbeya mjini. Nimeona watu wakiongeza mafuta kwenye pampu kwa kukaza skrubu yake ili kupambana na mwinuko. Matokeo yake ni moshi mwingi na joto kubwa kwenye pistoni, na nguvu haziongezeki kwa kiasi cha kuridhisha, kwa kuwa kinachokosekana ni hewa.

Kujikagua mwenyewe

Njia hii haina gharama ila muda, na faida yake kubwa ni kwamba inaligusa gari zima, wakati kompyuta na benchi huligusa kwa sehemu. Makosa mengi ya nguvu hayamo ndani ya injini. Breki inayoshika hula nguvu kimya kimya: endesha kilomita kumi bila kutumia breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa, na ile yenye joto kuliko wenzake itajieleza. Klachi inayoteleza nayo hudanganya, kwa kuwa injini inanguruma na mzunguko unapanda huku spidi ikibaki palepale. Halafu kuna kebo ya akselereta, ambayo ni aibu kuitaja lakini lazima itajwe: mtu mmoja akanyage pedeli hadi mwisho, mwingine aangalie kwenye pampu kama mkono wake unafika kwenye kikomo. Katika magari yaliyogeuzwa kuwa nyumba, ambamo mazulia na mbao hutandikwa juu ya sakafu ya zamani, si ajabu pedeli kukwamia kwenye zulia kabla ya kumaliza safari yake.

Baada ya hapo angalia moshi, na hili lifanyike gari likiwa linapanda huku mtu mwingine akifuata nyuma, kwa kuwa moshi wa gari lililosimama hausemi mengi. Moshi mweusi mzito unamaanisha mafuta ni mengi kuliko hewa: eya klina iliyojaa vumbi la barabara ya Ruaha, mpira wa turbo uliopasuka, turbo isiyojaza, au nozeli inayomwaga badala ya kupuliza. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unaelekeza kwenye majira ya pampu (wakati wa kupuliza mafuta) yaliyochelewa au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) iliyokwisha. Wa buluu ni oili. Na kama gari halina nguvu wala halina moshi wowote, injini ina njaa. Mafuta hayaifikii, na hapo usimruhusu mtu yeyote afungue nozeli kabla ya kufuatilia mafuta kuanzia tangini.

Kwenye njaa hiyo ndipo dumu la lita tano linaposhinda vifaa vyote vya bei ghali. Unatenganisha mpira unaoleta mafuta kutoka tangini, unaunga mpira mwingine wenye filta ndogo kutoka kwenye dumu safi la dizeli, na mpira wa kurudisha mafuta nao unauelekeza humo humo. Dumu lifungwe imara nje ya chumba cha dereva, mbali na eksozi, kisha utoe hewa kwa pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Panda mlima uleule uliokushinda. Nguvu zikirudi, injini yako, pampu yako na nozeli zako ni nzima, na tatizo limo kati ya tangi na pale ulipounga. Zisiporudi, umeliondoa tangi kwenye orodha kwa saa moja. Sijui kipimo kingine cha bei hiyo kinachogawa tatizo katika nusu mbili safi namna hiyo.

Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani ni ndugu wa dumu. Kipande cha sentimita thelathini kikiwekwa kabla tu ya pampu kitaonyesha kama mafuta yanapita yakiwa mazima au yamechanganyika na mapovu. Mapovu ni hewa inayonyonywa mahali fulani, kwenye mpira mkavu, kwenye klipu iliyolegea au kwenye kichwa cha filta. Dizeli haivuji nje hapo, kwa kuwa upande huo unanyonya, kwa hiyo kutafuta sehemu iliyolowa hakutakusaidia.

Basi langu dogo lenye pampu ya kimakanika lilikaa masika nzima likiwa na nusu tangi. Lilipotoka lilienda vizuri kwenye tambarare, ila baada ya dakika chache za mlima lilikufa nguvu polepole kama mtu anayesinzia, bila moshi. Nikisimama dakika kumi, lilipona, likapanda kidogo, likasinzia tena. Gereji ya kwanza ilibadilisha nozeli zote sita, ya pili ikashusha pampu. Nilikuwa nimeegesha Ipogolo, chini ya mlima wa kuingia Iringa mjini, dereva mmoja mtu mzima wa lori alipokuja kuangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili gari umeshalipatia mafuta mengine, au unalilisha yaleyale?"

Sikumwelewa mpaka alipotoa dumu kwenye kebini yake. Tulipanda hadi mjini kwa gia ya tatu. Tangi liliposhushwa, kichujio kilichomo ndani yake, kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea, kilikuwa kimevaa utando mweusi wa kuteleza kama ute wa bamia. Maji huingia tangini kwa umande unaoganda kwenye kuta za juu za tangi lisilojaa, na pale maji na dizeli vinapokutana vijidudu hustawi na kuacha utando huo. Gari likivuta kwa nguvu, utando unafyonzwa na kuziba kichujio, likisimama, unashuka. Kila dalili ilikuwa imejieleza tangu siku ya kwanza. Aliyesafisha tangi alinitoza sehemu ndogo tu ya nilichokuwa nimelipia nozeli, ambazo zile za zamani bado ninazo kwenye boksi na sina sababu ya kuamini kwamba zilikuwa mbovu.

Dalili inayofanana na hiyo hutokana na mfuniko wa tangi ambao tundu lake la kupumulia limeziba. Gari likianza kuchoka, simama ufungue mfuniko: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa kishindo na gari likapona papo hapo, umemaliza kazi.

Kompyuta

Kwa injini ya 1HZ na nyinginezo zenye pampu ya kimakanika, swali la kompyuta halipo, kwa sababu hakuna kompyuta ya kupimwa inayosimamia mafuta, na fundi anayekutoza kwa kipimo hicho anakutoza kwa kuchomeka waya. Kwa injini za komoni reli, yaani zenye bomba moja la presha kubwa (reli) linalolisha nozeli zake, ziitwazo injekta, ambazo presha ya mafuta huwa kama bari 300 gari likiwa sailensi (linawaka bila kukanyagwa akselereta) na hupita bari 1,300 likivuta kwa nguvu zote, kompyuta ndiyo mahali pa kuanzia, na hapo ninaiweka mbele ya dumu bila kusita. Injini ya aina hiyo isipoelewa jambo hujilinda: inapunguza nguvu yenyewe, inawasha taa, na dereva anahisi kama kuna mtu ameshika akselereta kutoka upande wa pili.

Ila lazima itofautishwe kati ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi, na kusoma takwimu za injini ikiwa kazini. Kodi ni anwani ya mtaa, haikupi namba ya nyumba. P0087 inasema presha ya reli iko chini kuliko inavyotakiwa. Filta iliyoziba, hewa kwenye mpira, vali ya kunyonya ya pampu, injekta inayovujisha kwenye njia ya kurudi, na hata utando wa tangi nilioueleza, vyote vinaweza kuandika kodi hiyohiyo. P0299 inasema turbo haijazi, na fundi mwenye haraka atakuuzia turbo wakati klipu ya mpira wa intakula (kipozea hewa ya turbo) imelegea. P0401 ni ya mzunguko wa gesi chafu, na P2463 ni ya masizi yaliyojaa kwenye kichujio cha eksozi, ambacho magari ya karibuni huwa nacho. Anayenunua spea kwa kusoma kodi peke yake amerudi kwenye ramli, safari hii ramli yenye skrini.

Takwimu za injini ikiwa kazini ni jambo lingine. Fundi akae kando yako na mashine yake, mpande mlima, arekodi presha ya reli inayotakiwa dhidi ya iliyopo, presha ya turbo inayotakiwa dhidi ya iliyopo, na kiasi cha hewa kinachoingia. Mistari miwili ya presha ya reli ikienda pamoja hadi kileleni huku ya turbo ikiachana, umeokoa pesa za injekta. Fundi anayekataa kutoka gereji na mashine yake, akataka kupima gari likiwa limesimama, anakupa nusu ya kipimo kwa bei nzima, kwa kuwa tatizo la nguvu hujitokeza chini ya mzigo.

Kuna jaribio dogo ninalopenda kumwona fundi akilifanya kabla hajaanza. Funguo ikiwa imewashwa na injini haijawaka, sensa ya presha ya hewa ya kuingia inapaswa kusoma mgandamizo wa mahali mlipo. Mbeya isome kama kilopaskali 83. Ikisoma 101, sensa inadhani iko Bagamoyo na hesabu zote za turbo zitakuwa na kosa. Vilevile, fundi aliyezoea kazi za pwani akiona 83 akasema sensa imekufa, mshukuru na uondoke.

Vifaa vidogo vya kuchomeka na kusomea kwenye simu vinafaa kubebwa safarini, kwa sharti kwamba uvijaribu mapema, maana magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani navyo, na hata yanayoelewana hutoa kodi za jumla bila takwimu za ndani za mtengenezaji.

Benchi la pampu na nozeli

Benchi linajibu swali moja kwa uhakika ambao njia nyingine hazina: je, nozeli hii inapuliza inavyotakiwa? Nozeli ya kimakanika hufungwa kwenye pampu ya mkono yenye geji, fundi anasukuma, na inapaswa kufunguka kwa presha yake, ambayo kwa injini nyingi za aina ya 1HZ ni karibu bari 150, ikitoa ukungu wenye mlio mkali, kisha ncha yake ibaki kavu. Inayotoa mkojo badala ya ukungu, au kubaki na tone nchani, ni ya kubadilishwa. Omba kusimama pale uone mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache kwa kila nozeli, na fundi mwaminifu hana cha kuficha. Akizirudisha kwenye injini, washa (pete) za shaba za kuzibia ziwe mpya.

Udhaifu wa benchi ni kwamba linatibu kiungo kimoja. Ukipeleka nozeli, utaambiwa habari za nozeli. Kulifikia kwenyewe kuna gharama ya kufungua, na kila kifungo kinapofunguliwa kwenye gereji yenye vumbi ni nafasi ya uchafu kuingia mahali ambapo hautakiwi. Kwa komoni reli jambo ni zito zaidi: injekta zake zinahitaji benchi la aina yake, na katika magari mengi kila injekta ina namba zake za masahihisho zinazopaswa kuandikwa kwenye kompyuta ya gari baada ya kufungwa, kwa hiyo uliza kwanza kama fundi ana vyote viwili. Kabla ya kufika huko, apime mafuta yanayorudi: mpira mmoja kutoka kwa kila injekta hadi kwenye kichupa chake, vichupa vyote sawa, injini iwake dakika chache, kisha vilinganishwe. Kimoja kikijaa wakati vingine viko robo, mmeipata injekta inayovuja bila kushusha hata moja. Mabomba ya presha kubwa yasilegezwe kamwe injini ikiwaka, kwani mafuta ya bari 1,000 hupenya ngozi, na jeraha lake linaloonekana dogo ni la kukimbizwa hospitali saa ileile.

Kipimo cha kompresheni nakiweka mwisho, isipokuwa kwa gari lenye moshi wa buluu au linalowaka kwa shida asubuhi za Julai. Tofauti kati ya silinda na silinda inasema mengi kuliko namba ya kila moja.

Uchaguzi wangu

Kwa gari la pampu ya kimakanika ningeanza na saa moja ya kujikagua, nikafuata dumu, na nozeli ningezipeleka kwenye benchi pale tu ambapo kuna moshi mweusi au mweupe ambao eya klina na majira ya pampu havikuueleza. Kwa komoni reli ningeanza na kompyuta, lakini ya kupanda nayo mlima, na dumu ningelitumia endapo presha ya reli ndiyo inayoshuka, kwa uangalifu wa kutoiacha pampu yake ikauke, kwa sababu dizeli ndiyo inayoilainisha na dakika chache za ukavu zinaweza kuimaliza. Mwenye gari ambaye hajui ni la aina gani amuulize fundi swali hilo kabla ya swali la bei.

Jambo hubadilika ukiwa njiani. Aliyekwama kwenye kona za Chimala kwenda Matamba hana kompyuta wala benchi, na kumwita fundi apande na vifaa vyake ni gharama ambayo mara nyingi inazidi tatizo lenyewe. Kwa sababu hiyo, kwenye kabati chini ya kitanda cha gari langu pana filta mbili za dizeli, mita mbili za mpira unaoonyesha ndani, klipu za saizi tatu, kichupa cha kuondolea maji chini ya filta, na dumu lenye dizeli safi niliyoichuja mwenyewe kwa kitambaa, ambalo wageni hudhani ni la maji ya kunawia na ambalo nimelazimika kuliandika pembeni kwa rangi nyekundu.